Mwongozo Kamili wa Kuhamisha Ndege-Mfano Nzito ya Waya Kutoka Injini ya Mafuta Hadi Mota ya Umeme, kwa Warushaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ndege-mfano ya waya haina redio. Huruka kwa kuzunguka duara, ikiwa imefungwa nyaya mbili nyembamba za chuma zinazotoka kwenye bawa la ndani hadi kwenye mpini ulioshikwa na mrushaji aliyesimama katikati. Mrushaji anapoinamisha mpini, waya mmoja huvutwa, belikranki (kipande cha wenzo kilicho ndani ya bawa) hugeuka, na eleveta, yaani bapa la mkiani linaloinua au kuinamisha pua, hupanda au kushuka. Utaratibu huu ulienea kutoka Marekani katika miaka ya 1940, baada ya Jim Walker wa Portland kuufanya biashara kwa jina la U-Control, na hadi leo ni njia nafuu ya kujifunza sarakasi za angani, na mrushaji huhisi mvuto wa ndege mkononi mwake.

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye ndege ya namna hiyo iliyo nzito, yaani yenye uzito wa karibu kilo 2 na mabawa ya urefu wa meta moja na nusu hivi, iliyojengwa kwa ajili ya injini kubwa ya methanoli, naye anataka iruke kwa umeme hapa Mbeya, Iringa, Njombe au kwingineko katika nyanda zetu. Mafuta ya injini hizo ni mchanganyiko wa methanoli, mafuta ya mbarika na pengine nitromethani. Kuyapata huku ni kazi, na kuyasafirisha kwa ndege ya abiria hakuruhusiwi. Hata hivyo, upatikanaji wa mafuta si sababu kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ni hewa yetu, na ni lazima ieleweke kabla hujashika msumeno, kwa maana ndiyo itakayoamua kila namba inayofuata.

Hewa ya milimani

Mji wa Mbeya uko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa takriban 1,600, na Njombe hukaribia 2,000. Katika kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa kati ya asilimia 15 na 20, kutegemea joto la siku. Katika hesabu za mwongozo huu nitatumia asilimia 18.

Injini ya mafuta huathirika mara mbili. Inavuta hewa pungufu ndani ya silinda, hivyo nguvu yake inashuka karibu kwa kiwango kilekile, na wakati huohuo propela yake inashika hewa pungufu. Mota ya umeme haihitaji hewa ili kutoa nguvu. Inaathirika upande wa propela tu, na upande huo una tiba: ukiongeza mizunguko ya propela kwa asilimia 10 juu ya ile ambayo ungetumia pwani, msukumo unarudi palepale ulipokuwa, ndege inaenda kasi zaidi kwa asilimia 10, na bawa linabeba kama lilivyobeba pwani. Gharama yake ni nguvu zaidi kwa asilimia 10 hivi, na betri inaweza kuilipa.

Lakini lipo jambo moja ambalo mota hailitibu, nalo ndilo linalowakatisha tamaa wengi wenye ndege nzito. Upana wa mzingo (duara la wima ambalo ndege hulipiga angani) mdogo kabisa ambao ndege inaweza kuupiga hautegemei mwendo. Ndege ikienda kasi, bawa hubeba zaidi, ila nguvu inayotakiwa kuigeuza nayo huongezeka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo faida na hasara hufutana. Kinachobaki ni uzito wa ndege kwa kila kipimo cha eneo la bawa, uzito wa hewa yenyewe, na uwezo wa umbo la bawa. Kwa hewa pungufu kwa asilimia 18, mzingo uleule wa ndege ileile unapanuka kwa karibu asilimia 22. Ndege iliyotoka chini ya mzingo ikiwa na nafasi ya meta mbili huko Tanga inaweza kugusa nyasi za Uyole. Kwa hiyo kila gramu unayoiondoa wakati wa kuhamisha ndege ina thamani kubwa huku kuliko pwani, na mwongozo huu wote unajengwa juu ya msimamo huo: nguvu itafute kwenye mota, na wepesi wa kugeuka utafute kwenye mizani.

Kupima kabla ya kukata

Tumia mizani ya jikoni ya kielektroniki inayosoma gramu moja moja. Pima ndege nzima bila mafuta, kisha ng'oa na upime kimoja kimoja: injini pamoja na mafla yake, tangi, bolti, propela na kofia yake, na madini ya risasi yoyote yaliyofichwa puani au kwenye ncha ya bawa. Weka alama ya penseli mahali kilipo kitovu cha uzito kabla ya kung'oa chochote.

Kwa ndege ya ukubwa tunaouzungumzia, injini na mafla huwa karibu gramu 380, tangi 40, mafuta 150, propela na kofia 60, jumla takriban 630 wakati wa kupaa. Upande wa umeme, mota huwa gramu 210, kishikio chake na bolti 30, kidhibiti mwendo 60, betri ya seli 5 yenye mAh 2,800 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) karibu 350, taima na nyaya na plagi 40, propela na kofia 55, jumla takriban 745. Tofauti ni gramu 115 wakati wa kupaa, na inazidi kukua kadiri safari inavyoendelea, kwa kuwa tangi huisha ilhali betri hubaki na uzito wake. Asikudanganye mtu kwamba umeme ni mwepesi. Faida yake ni kwamba kitovu cha uzito hakihami kuanzia kupaa hadi kutua, na ndege inayojibu mpini kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho ni rahisi kuirusha vizuri.

Gramu hizo 115 zitafute katika sehemu nne. Mihimili ya mbao ngumu iliyobeba injini huwa na gramu 60 hadi 80 na haitahitajika tena. Risasi ya puani, kama ipo, mara nyingi huondoka yote. Rangi nene ya zamani kwenye kiwiliwili inaweza kupunguzwa kwa msasa laini wa maji, ingawa kazi hiyo ni ya taratibu na haifai kufanywa juu ya mbavu za bawa, kwani karatasi au hariri iliyo juu yake hutoboka. Mwisho ni miguu ya kutua: waya mnene wa chuma unaweza kubadilishwa kwa bamba la alumini lililokunjwa, na magurudumu ya mpira mgumu kwa yale ya sponji. Ukishafanya yote hayo na bado ndege ikazidi kilo 2.1, ninashauri betri ipunguzwe badala ya kupunguza uimara wa mbao.

Kuondoa mafuta ndani ya mbao

Fungua pua na utazame nyuma ya tangi. Mbao zilizolowa mafuta ya mbarika kwa miaka huwa na rangi ya chai iliyokolea, na ukizibonyeza kwa ukucha hubaki na alama. Gundi ya epoksi haishiki juu yake, na ukuta wa mota, yaani ubao wa puani unaobeba mota, uliogundishwa hapo utang'oka ndege ikiwa hewani.

Sehemu iliyooza kwa mafuta kabisa ikatwe na kupachikwa balsa mpya. Iliyolowa kidogo isafishwe kwa spiriti na kitambaa, kisha ipakwe uji mzito wa wanga wa mahindi uliokorogwa kwa spiriti hiyohiyo, iachwe ikauke, na ipulizwe joto la wastani kwa draya ya nywele baada ya mvuke wote wa spiriti kwisha kabisa. Wanga hunyonya mafuta na kubadilika kuwa wa manjano. Pangusa kwa brashi kavu, rudia mpaka wanga ubaki mweupe. Kazi hii hufanyika nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko na sigara, na ndiyo hatua ambayo watu wengi huiharakisha bila sababu.

Ukuta wa mota

Mota huzunguka kwa ulaini kuliko injini, lakini propela ikigusa ardhi hutoa pigo kubwa la kupinda, kwa hiyo ukuta wake uwe imara. Plaiwudi ya ujenzi yenye tabaka tatu nene haifai. Tafuta ya milimeta 6 yenye tabaka tano au zaidi, au gundisha pamoja vipande viwili vya milimeta 3 kwa epoksi. Toboa matundu ya bolti na tundu kubwa la katikati la kupitisha hewa, kisha weka nati za kung'ata (zenye meno yanayojikita kwenye mbao) nyuma yake kabla ya kuugundisha ukuta, kwa sababu baadaye mkono hautafika. Tumia epoksi ya kukauka kwa saa nyingi. Ile ya dakika tano haivumilii joto na mtikisiko wa mahali hapa. Kwenye pembe za ndani weka fito za pembetatu za paini iliyokauka vizuri, na paini ya Mafinga yenye nyuzi zilizonyooka inafaa kabisa. Ukihitaji vipande vya kusogeza mota mbele ili kofia ya propela ikae sawa na pua, fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza pale Mwanjelwa anaweza kukukerezea vijiti vya alumini vinne vyenye urefu sawa. Msisitizie usawa huo, kwani tofauti ya nusu milimeta inageuza mwelekeo wa mota.

Kwa ndege inayozunguka kinyume cha saa ikitazamwa kutoka juu, bawa la kushoto likiwa ndani, elekeza mota nje ya duara kwa nyuzi 1 au 2. Pete moja nyembamba ya chuma (washa) chini ya kila moja ya bolti mbili za upande wa ndani inatosha. Zaidi ya hapo unapoteza msukumo bila faida.

Kuchagua mota, propela na betri

Anza na mwendo unaoutaka, kisha rudi nyuma. Kwa nyaya za meta 20, mzunguko mmoja ni meta 126 hivi. Ndege nzito ya sarakasi pwani hupendeza ikimaliza mzunguko kwa sekunde 5.3, kwa hewa yetu, asilimia 10 zaidi ya mwendo ni sekunde 4.8, sawa na meta 26 kwa sekunde au kilometa 94 kwa saa. Propela yenye mwinuko wa inchi 6 husonga mbele sentimeta 15.2 kwa kila mzunguko, na katika ndege za aina hii mwendo halisi huwa karibu sana na hesabu hiyo, kwa hiyo unahitaji mizunguko takriban 10,300 kwa dakika. Kipenyo cha inchi 12 kinatosha.

Betri ya seli 5 ina volti 18.5 kwa jina, lakini karibu na mwisho wa safari, ikiwa imebebeshwa mzigo, hushuka hadi 17.5. Kidhibiti mwendo kinahitaji akiba ili kiweze kuongeza nguvu ndege inapopanda, kwa hiyo chukua asilimia 80 tu ya volti hizo, yaani 14. Gawanya 10,300 kwa 14 upate karibu 740. Hiyo ndiyo Kv ya mota unayoitafuta, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Uzito wa mota usipungue gramu 180, na iwe inamudu wati 700 kwa muda mfupi.

Kuhusu betri, safari ya dakika tano na nusu kwa wastani wa wati 410 hutumia mAh 2,100 hivi. Usitumie zaidi ya asilimia 75 ya uwezo wa betri ya lithiamu polima ukitaka idumu, na hapo ndipo mAh 2,800 zinapotokea. Mkondo wa wastani utakuwa ampea 23 na kilele chake karibu 38, hivyo kidhibiti mwendo cha ampea 60 kinakupa nafasi ya kutosha.

Ninapendekeza propela ya mzunguko wa kinyume, ambayo watengenezaji wengi huitambulisha kwa herufi P mwishoni mwa namba zake. Propela ya kawaida husukuma ndege ilalie upande wa mrushaji wakati wa kupaa, nyaya zikalegea katika dakika ambayo ndege nzito ndiyo kwanza inatafuta mwendo. Ya kinyume huilaza nje, nyaya zikakaza. Vilevile propela ya kawaida huvuta pua ndani ya duara ndege inapoinamishwa ghafla ikiwa juu, mahali ambapo mvuto wa nyaya ni haba tayari. Ya kinyume huvuta pua ndani wakati wa kuinua, jambo ambalo hutokea zaidi chini, ndege ikiwa na mvuto wa kutosha. Kugeuza mzunguko wa mota ni kubadilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu zake. Hakikisha upande wa propela wenye maandishi unatazama mbele, ndege inakoelekea.

Kitanda cha betri na njia ya hewa

Betri ikae nyuma ya ukuta wa mota, karibu kabisa na kimo cha bawa, juu ya kitanda cha plaiwudi nyembamba chenye mkanda wa velkro chini na mikanda miwili ya kuzungushia. Acha nafasi ya kuisogeza sentimeta 2 mbele na nyuma. Mbele ya betri weka kizuizi cha mbao, maana katika ajali betri ya gramu 350 hukimbilia mbele na kuisukuma mota nje. Mfuniko wa betri uwe chini au juu ya kiwiliwili, mahali ambapo hautadhoofisha ubao wa pembeni.

Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa hiyo mlango wa kuingizia hewa uwe na eneo la sentimeta mraba 6 au 7, na wa kutokea uwe mara mbili ya hapo, nyuma ya betri. Mlango mkubwa wa mbele wenye njia finyu ya nyuma haupoozi chochote. Hewa ipite kwanza kwenye mota, kisha kwenye kidhibiti mwendo, ndipo ifike kwenye betri. Ukitua, gusa vyote vitatu: kidole kikishindwa kukaa sekunde tano juu ya kimojawapo, panua mlango wa nyuma.

Nyaya, plagi ya usalama, gavana na taima

Nyaya kati ya betri na kidhibiti ziwe fupi iwezekanavyo. Ukilazimika kurefusha, refusha zile tatu za mota. Viungo vyote vilehemiwe kwa risasi mpaka ing'ae na kuingia ndani ya nyuzi, kisha vifunikwe kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Waya mmoja wa betri, yaani ule mwekundu, ukatwe na kupitishwa kwenye soketi iliyo nje ya kiwiliwili, upande wa nje wa duara na nyuma ya propela. Plagi yenye kitanzi kifupi cha waya ndiyo inayokamilisha njia ya umeme. Bila plagi hiyo ndege ni mbao tu. Ikiwa ndani, ichukulie kuwa propela inazunguka hata kama imesimama. Injini ya mafuta ikipiga kidole mara nyingi huzimika, ilhali mota hujaribu kumaliza mzunguko wake kwa nguvu zaidi. Msaidizi aichomeke akiwa nyuma ya bawa, na msisitizo huu hauna mzaha ndani yake.

Kidhibiti mwendo chako ni lazima kiwe na hali ya gavana, kwa maana ileile ya gavana ya basi: kinashika mizunguko uliyoiweka, mzigo uongezeke au upungue. Ndege inapopanda, kinaongeza nguvu. Inaposhuka, kinapunguza, na upepo haupati nafasi ya kuikimbiza kupita kiasi. Injini nzuri ya mafuta ilifanya jambo linalofanana kwa kubadili mlio wake kutoka mchanganyiko mzito kwenda mwepesi pua ilipoinuka, lakini ilihitaji sindano iliyorekebishwa kwa makini kila asubuhi, na hewa ya milimani iliivuruga. Weka uwashaji wa polepole, na mpaka wa volti ya chini uwe 3.3 kwa kila seli, katika chaguo la kupunguza nguvu taratibu, lisiwe la kukata ghafla.

Kwa kuwa hakuna redio, kitu fulani kinatakiwa kukiambia kidhibiti lini kianze na lini kiishie. Hiyo ndiyo kazi ya taima. Zipo zinazouzwa tayari, lakini bodi ndogo ya Arduino Nano, ambayo wanafunzi wa elektroniki wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaijua vizuri, inaweza kuifanya. Inatoa mpigo mmoja kila milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde 1 ni kusimama, wa milisekunde 2 ni kasi kamili, na ulio kati ya hapo ni mizunguko unayoitaka. Programu yake isubiri sekunde 30 baada ya kitufe kubonyezwa ili mrushaji atembee hadi kwenye mpini, ipandishe mwendo polepole kwa sekunde 4, ishike mwendo huo muda wote wa safari, ipunguze na kurudisha mwendo kwa sekunde moja zikiwa zimebaki sekunde 10 kama onyo, kisha isimamishe. Iwe pia na amri kwamba kitufe kikibonyezwa tena wakati wa kusubiri, kila kitu kinasitishwa.

Majaribio ya kwanza yafanyike bila propela, mara kadhaa, safari nzima kuanzia kitufe hadi kusimama. Baada ya hapo funga propela, ufunge mkia wa ndege kwenye nguzo imara ya chini, na pima mizunguko kwa kipima mizunguko cha mwanga na mkondo kwa wati mita. Anza na 9,500, panda hadi 10,300, na usikubali mkondo uzidi ampea 35 ndege ikiwa imesimama.

Kusawazisha

Rudisha kitovu cha uzito mahali kilipokuwa, au mbele kidogo kwa milimeta 3 hadi 5 kwa safari za kwanza. Sogeza betri, usiongeze risasi. Kwa ndege nyingi za sarakasi, kitovu hicho huangukia kati ya asilimia 15 na 20 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ncha ya bawa la nje iwe na uzito wa gramu 20 hadi 30 unaobadilishika, ili kufidia uzito wa nyaya.

Nyaya, uwanja na umeme wa juu

Kwa mwendo wa meta 26 kwa sekunde, ndege ya kilo 2 itavuta mkono wako kwa nguvu ya karibu kilo 7. Ninatumia nyaya za chuma kisichoshika kutu zilizosokotwa, zenye unene wa milimeta 0.46. Kabla ya kila siku ya kuruka, msaidizi ashike ndege kwenye shina la bawa, nawe uvute mpini kupitia mizani ya ndoano mpaka isome kilo 20, mara kumi ya uzito wa ndege. Kisha kagua kila kiungo kwa jicho, hasa pale waya unapoingia kwenye bawa. Waya wenye uzi mmoja uliokatika hutupwa.

Uwanja wa mpira wa shule unatosha ikiwa upana wake unafika meta 62, ili watazamaji wakae meta 10 nje ya duara. Umbali na nyaya za umeme ndio hauna mjadala. Nyaya za ndege ni chuma, na ncha yake nyingine iko mkononi mwako. Ndege ikigusa laini ya umeme utakufa umesimama katikati ya uwanja. Tafuta mahali ambapo laini ya karibu iko zaidi ya meta 100. Kwa sababu hiyohiyo usirushe wingu la mvua likiwa linaonekana, na kuanzia Novemba hadi Aprili radi zetu hutangulia mvua. Kaa mbali na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli, na uliza ofisi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuhusu eneo lako kabla ya kuanza, kwani ndiyo inayosimamia vyombo vya angani visivyo na rubani. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mchana ni mkali, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya kazi.

Betri katika baridi yetu

Betri nyingi utaziagiza kupitia Dar es Salaam. Zije zikiwa na nusu ya chaji, ndani ya mkoba wa mkononi, zisiwekwe chini ya mizigo katika buti la basi kwa safari ya zaidi ya kilometa 800 hadi Mbeya. Kwa ndege ya abiria, betri ya ukubwa huu ina wati-saa 52, chini ya mpaka wa kawaida wa 100, na hubebwa katika mzigo wa mkononi.

Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa mkondo wa ampea 2.8, hadi volti 4.2 kwa seli, juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga ikiwa karibu na wewe mwenyewe ukiwepo. Umeme ukikatika, betri ya gari ya volti 12 huifanya kazi hiyo kwa saa moja hivi. Kama huruki kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Betri iliyovimba haichajiwi tena.

Asubuhi ya Julai kule Makete au Njombe betri iliyolala kwenye gari inaweza kuwa na nyuzi joto 5. Katika hali hiyo volti hushuka mara tu mzigo unapoanza, na gavana hukosa akiba. Ivae ndani ya koti mpaka ifike nyuzi 20, ndipo uifunge kwenye ndege.

Safari za kwanza

Weka taima dakika 4. Ruka kwa kimo cha bega, pima muda wa mizunguko kumi ya ndege kwa saa ya kusimamisha na ugawanye kwa kumi. Ikizidi sekunde 5, ongeza mizunguko ya mota 150 kwa dakika. Ikiwa chini ya 4.7, punguza. Panda taratibu hadi nyuzi 60 juu na usikilize: mlio usibadilike, na mvuto mkononi usipotee. Mvuto ukilegea juu, sogeza nyaya nyuma kidogo kwenye ncha ya bawa, milimeta 5 kwa wakati mmoja, kabla ya kufikiria kuongeza mwendo. Mizingo ya kwanza ianzie juu, si chini, mpaka ujue ndege yako inahitaji nafasi kiasi gani katika hewa hii.

Ukitua, chaji betri na usome chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha mAh 1,500 baada ya dakika 4, matumizi ni 375 kwa dakika, na mAh 2,100 zako zinakupa dakika tano na nusu. Andika namba hiyo ndani ya mfuniko wa betri pamoja na tarehe na joto la asubuhi hiyo, na uipime upya baridi inapoingia, unapobadilisha propela, na kila betri inapotimiza mwaka mmoja.